Mbwa Mwenye Mgongo Mrefu Anapolia Akinyanyuliwa: Kutafuta Chanzo na Kurekebisha Mshiko

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfugaji ambaye mbwa wake mfupi mwenye mgongo mrefu, awe dakshundi halisi au chotara aliyerithi miguu mifupi, ameanza kulia, kujinyonganyonga, kukimbia au kupepesuka kila anaponyanyuliwa au kuwekwa chini. Tutaanzia kwenye dalili anayoiona mwenye mbwa, kisha tutarudi nyuma kutafuta chanzo chake. Maswali mawili yatajirudia. La kwanza ni hili: dalili ilipotokea, miguu ya nyuma ilikuwa imeegemea wapi? La pili ni gumu zaidi, na ndilo watu wengi husahau kuliuliza: je, dalili hiyo huonekana hata pale ambapo hakuna mkono wa mtu uliomgusa mbwa?

Ninaandika nikiwa Ilazo, Dodoma, nyumbani kwa mbwa anayeitwa Jongoo. Jina hilo alipewa na watoto kwa sababu ya umbo lake, nami sikuwa na hoja ya kuwapinga. Kelele ileile moja ya Jongoo imewahi kuwa na chanzo kimoja mwaka wa kwanza na chanzo tofauti kabisa miaka mitatu baadaye, na mara zote mbili nilikosea kukitambua.

Kwa nini mgongo huu ni wa kuangaliwa kwa makini

Mbwa ana pingili 7 za shingo, 13 za kifua na 7 za kiuno, na kati ya pingili hizo, isipokuwa zile mbili za kwanza za shingo, kuna diski zinazofanya kazi ya mto: nje ni nyuzi ngumu, ndani ni ute mzito unaomeza mishtuko. Katika dakshundi, urithi uleule unaofupisha miguu huufanya ute huo ukauke na kugeuka mgumu mithili ya chokaa, tena mapema, wakati mbwa angali mdogo. Diski iliyokauka ikipasuka, vipande vyake husukumwa kuelekea juu na kuubana ugwemgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili. Hali hiyo hujitokeza zaidi kati ya umri wa miaka 3 na 7, na inakadiriwa kwamba takriban dakshundi mmoja kati ya wanne au watano huipata katika maisha yake. Mahali panapoathirika mara nyingi zaidi ni sehemu ya mgongo inayoanzia kwenye mbavu za mwisho hadi pingili za mwanzo za kiuno, na hapo ndipo panapobaki pakining'inia mtu anapomshika mbwa makwapani na kumwinua kama anayeinua mtoto mchanga.

Ni haki kuongeza jambo moja kabla ya kuanza kulaumiana majumbani. Kumnyanyua mbwa vibaya mara moja hakuharibu diski iliyo nzima. Diski huharibika polepole kwa sababu ya urithi, na mkono mbaya huja tu kumalizia kazi iliyokwisha kuanza. Kwa hiyo dada wa kazi aliyemwinua mbwa asubuhi ambayo miguu ya nyuma ililegea hakumlemaza mbwa huyo, ingawa ni wajibu wetu kumfundisha mshiko ulio salama.

Mshiko wa kupimia mishiko mingine

Chuchumaa au piga goti ubavuni mwa mbwa, usimwinamie kutoka juu, kisha mwite jina ili ajue kinachokuja. Pitisha mkono mmoja chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, hadi kifua kilalie kigasha chako, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kiganja. Mkono wa pili uzunguke nyuma na kupokea makalio na mapaja kutoka chini. Inua mikono yote miwili kwa pamoja ili mgongo ubaki sambamba na ardhi, mfano wa mtu anayeinua sinia lenye chai, kisha mvute mbwa akugandame kifuani kabla hujasimama. Wakati wa kumshusha, chuchumaa tena, mfikishe hadi nyayo zote nne ziguse sakafu, na usiiondoe mikono mpaka uhisi uzito wote umeshahama kutoka kwako kwenda kwenye miguu yake.

Mtu anayemudu hatua hizo hata akiwa na haraka hatakuwa na shida kubwa na yanayofuata.

Analia pale tu anapoinuliwa

Hii ndiyo dalili inayowapotosha watu wengi, kwa kuwa majirani watakwambia kwamba mbwa anadeka. Anza na mkono. Ikiwa vidole vyako vimeingia makwapani, ngozi laini ya hapo hufinywa kati ya kidole na mfupa, na uzito wote wa mwili huvuta mabega yafunguke upande ambao hayakuumbwa kufungukia. Ikiwa kiganja kimeshika fumbatio, yaani sehemu ya tumbo, badala ya kifua, vidole hubana matumbo, na mbwa aliyetoka kula atalia kwa haki kabisa. Ikiwa mkono wa mbele ulitangulia na wa nyuma ukachelewa, hata kwa nusu sekunde, kiuno kilijikunja katikati. Rekebisha mshiko kama ulivyoelezwa hapo juu na ujaribu kwa siku mbili au tatu. Kilio kikikoma, ulikuwa mkono. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Jongoo mwaka wa kwanza: nilikuwa nikimwinua kwa makwapa huku nikimlaumu kwa kelele.

Kilio kisipokoma, au kikianza ghafla kwa mbwa aliyekuwa akiinuliwa vizuri kwa miezi mingi, acha kumnyanyua na umtazame kwa mbali. Je, anasimama akiwa ameukunja mgongo kuelekea juu kama upinde? Je, kichwa kimeinama, na macho yanageuka badala ya shingo? Je, anasogelea bakuli lakini anashindwa kuinama, ilhali chakula kikiinuliwa kwa mkono anakila chote? Je, anatetemeka bila baridi, au amesita mbele ya ngazi ya baraza aliyokuwa akiipanda kila siku? Dalili hizi zinaonekana bila mkono wa mtu, na kwa hiyo chanzo hakimo mkononi. Kukunja mgongo na kukaza fumbatio huelekeza kwenye maumivu ya mgongo au ya tumbo; kushindwa kuinamia bakuli huelekeza shingoni. Usibonyeze pingili moja moja kutafuta panapouma. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, naye huifanya akijua akomee wapi.

Katika mazingira yetu ya Dodoma kuna vyanzo vidogo vinavyopaswa kuondolewa kwanza, kwani hufanana sana na maumivu ya mgongo. Kupe hupenda kujificha makwapani, kinenani na kati ya vidole, mahali hasa panapopita mikono ya mtu anayenyanyua, na homa zinazoletwa na kupe zinaweza kumfanya mbwa akakamae mwili mzima na kuchukia kuguswa. Wakati wa kiangazi kuna miiba ya migunga na mbigili, ambazo mbwa mwenye kifua kinachokaribia kufagia ardhi huzikusanya kifuani na tumboni kuliko mbwa mrefu. Mkague akiwa amelala kwa ubavu juu ya mkeka, wala usimgeuze chali kwa nguvu.

Kosa langu la pili lilikuwa hapa. Asubuhi moja ya Julai, wakati upepo wa Dodoma unapouma hadi mifupani, Jongoo alilia nilipomnyanyua, nami nikahitimisha kwamba ni ubaridi na kwamba labda nimeanza tena uzembe wa mshiko. Nilirekebisha mikono kwa siku nzima. Jioni nilipomwona amesimama peke yake uani, mgongo ukiwa umekunjwa na mkia umeshuka, ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa ninatibu mikono yangu.

Anatulia anapoinuliwa, lakini anajinyonga akiwa juu

Mbwa anayeanza kujirusha akiwa tayari mikononi mara nyingi anatafuta mahali pa kukanyaga. Makalio yake yameteleza kutoka kwenye mkono wa nyuma, anahisi anaanguka, naye anafanya kile ambacho kiumbe yeyote angefanya. Mtu wa kawaida hujibu kwa kumbana zaidi kifuani, na hapo ndipo mgongo hujisokota, kwa sababu sehemu ya mbele imefungwa huku ya nyuma ikipiga hewa. Badala yake, mbane ubavuni mwako kwa kiwiko kikiwa kimeyazuia makalio, kisha chuchumaa. Umbali wa kuanguka ukipungua, na hatari inapungua nao. Usijaribu kushinda mashindano hayo ukiwa umesimama wima juu ya sakafu ya marumaru.

Vyanzo vingine ni vyepesi zaidi. Mchana wa Oktoba na Novemba, mwili wa mtu ni jiko la pili, na mbwa aliyekumbatiwa kwa muda mrefu atataka kushuka kwa sababu ya joto tu. Injini ya bodaboda inayopita, mbwa wa jirani, au mgeni anayenyoosha mkono usoni pake, vyote vinatosha. Anayembeba mbwa kutoka getini hadi kwenye bajaji amvalishe ukanda wa kifuani wenye kamba, ili mbwa akiponyoka asikimbilie barabarani. Hata hivyo ukanda huo si mpini wa kumwinulia, kama vile ambavyo ngozi ya ukosi na mkanda wa shingoni si mipini.

Kumweka wima begani, miguu ya mbele ikining'inia mgongoni kwako, kunaonekana kuwa na upole na picha zake hupendeza, lakini uzito wote wa kifua hushuka juu ya kiuno. Mimi sikubali mshiko huo hata kwa dakika moja, ijapokuwa najua wapo wanaouvumilia kwa mbwa mdogo kabisa.

Anakimbia au kunguruma anapouona mkono

Mbwa ana kumbukumbu. Ikiwa kila mkono ulioshuka kutoka juu ulimletea maumivu, atajifunza kuingia chini ya kochi kabla haujafika, na akikosa njia atanguruma. Ngurumo ni taarifa, na anayemchapa mbwa kwa kunguruma anamfundisha kuruka hatua hiyo na kung'ata moja kwa moja. Chunguza kwanza kama maumivu bado yapo, kwa njia ya kumtazama tuliyoieleza. Mbwa anayeumwa hafundishiki, na kumlazimisha ni dhuluma.

Ikiwa ni hofu iliyobaki baada ya maumivu kwisha, anza upya bila kumnyanyua kabisa. Kaa chini, mguse kifua, mpe kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa bila chumvi, uondoe mkono. Siku zinazofuata gusa kifua na makalio kwa pamoja. Baadaye mwinue kwa upana wa vidole viwili tu kutoka sakafuni na umrudishe mara moja. Wengine humaliza hatua hizi kwa wiki moja, wengine huhitaji mwezi. Kwa kuwa tunaishi katika mkoa wa zabibu, ni lazima niseme hili waziwazi: zabibu, mbichi au kavu, zisitumiwe kamwe kama zawadi ya mafunzo, kwa kuwa zinaweza kuziharibu figo za mbwa, hata zikiwa chache.

Kwa watoto, kanuni ya nyumbani kwangu ni moja. Mtoto huketi sakafuni, na mtu mzima ndiye humweka mbwa mapajani pake. Kupakata kunaruhusiwa, kunyanyua hakuruhusiwi.

Analegea katikati kama kitambaa kilicholowa

Ukihisi mgongo unabonyea kati ya mikono yako miwili, mikono iko mbali mno, mmoja shingoni na mwingine mkiani, au mbwa ni mzito kuliko mikono. Dakshundi wa aina kubwa hufikia kilo 7 hadi 15, wakati yule wa aina ndogo hukaa chini ya kilo 5, na tofauti hiyo hubadili mshiko: mdogo hutosha kwenye kigasha kimoja huku mkono wa pili ukimzuia, mkubwa huhitaji mikono miwili kamili. Pitisha vidole ubavuni. Mbavu usipozihisi kwa urahisi, chanzo kiko kwenye bakuli lake la chakula, na kila kilo ya ziada ni mzigo ambao mgongo huubeba saa 24. Punguza ugali na makombo.

Anapepesuka au anaanguka baada ya kuwekwa chini

Ninaamini kushusha kuna hatari kuliko kuinua, kwa sababu mtu anayeinua huwa makini na anayeshusha huwa ameshamaliza kazi kichwani mwake. Mbwa hurushwa sentimita 20 za mwisho, au huruka mwenyewe akiona sakafu imekaribia, na mshtuko huo hupokelewa na miguu mifupi isiyo na nafasi ya kuumeza. Akitua juu ya marumaru zinazoteleza, kucha ndefu zikimzuia kushika sakafu, miguu ya nyuma hutawanyika. Tandika mkeka wenye mpira chini au zulia mahali pale ambapo humshushia kila siku, na umkate kucha. Mahali penye ngazi au kochi, ubao mpana wenye mteremko mdogo, uliobandikwa zulia kuukuu, hupunguza haja ya kumnyanyua.

Ikiwa anapepesuka hata kwenye ardhi ya kawaida isiyoteleza, fanya kipimo kimoja ambacho hakimuumizi. Mwache asimame, umtegemeze kidogo chini ya fumbatio, kisha kunja wayo mmoja wa nyuma ili sehemu ya juu ya wayo iguse ardhi. Mbwa mwenye neva nzima huurudisha wayo mara moja, karibu kwa kuudhika. Akiuacha umekunjwa, au akichelewa upande mmoja kuliko mwingine, taarifa za miguu hazifiki kichwani ipasavyo, naye anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Kucha zilizolika kwa juu, kutokana na kuburuta nyayo, husimulia habari hiyohiyo, ila ni ya siku nyingi.

Miguu ya nyuma haimbebi

Hii ni dharura, na saa zina thamani. Mbwa anayeburuta miguu lakini bado anahisi maumivu kwenye vidole ana matumaini makubwa zaidi ya kupona kuliko yule aliyepoteza hisia hiyo, na anaweza kutoka hali ya kwanza hadi ya pili ndani ya siku moja.

Kabla hujamgusa, jiulize kuhusu chanjo. Kichaa cha mbwa kinaweza kuja kwa sura ya kupooza, bila ukali wowote. Mbwa asiyechanjwa ambaye amelegea, anadondosha udenda, amebadilika sauti au anashindwa kumeza, asinyanyuliwe na mtu yeyote. Afungiwe alipo na ofisi ya mifugo iitwe. Aliyekwisha kung'atwa, au kuingiwa na udenda kwenye jeraha, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali akapate chanjo bila kusubiri mbwa afe.

Kama chanjo ni kamili na dalili ni za mgongo, usimbebe mikononi. Tafuta kitu kigumu kilicho bapa: ubao, mlango wa kabati, au hata sinia kubwa kwa mbwa mdogo. Kiweke sambamba na mgongo wake, na watu wawili wamsogeze juu yake kwa pamoja, kichwa, kifua na makalio vikienda kama kitu kimoja. Mfunike, mfunge kwa kanga mbili zisizobana, moja mabegani na moja nyongani, na umzuie asijaribu kusimama. Hata mbwa mpole kuliko wote anaweza kung'ata akiwa kwenye maumivu haya, kwa hiyo weka uso wako mbali na wake.

Usimkande mgongo na usimnyooshe miguu. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya duka la dawa. Dawa hizo zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake, na daktari akizichanganya na stiroidi, yaani dawa kali ya kupunguza uvimbe, bila kujua, madhara huzidi. Andika saa uliyoona dalili ya kwanza, mara ya mwisho alipokojoa, na dawa yoyote aliyokwisha kupewa. Daktari wa Dodoma anaweza kuamua kumpeleka mbele, kwa mfano kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambayo iko kiasi cha kilomita 260. Katika safari hiyo ubao ukae sakafuni mwa gari, kwa kuwa mbwa aliyewekwa kwenye kiti hubwagwa chini dereva akifunga breki ghafla.

Kumnyanyua mbwa aliye kwenye mapumziko

Jongoo hakufika huko. Alikuwa na maumivu na unyonge mdogo wa mguu mmoja, akaagizwa dawa na kufungiwa kwenye kizimba kwa wiki nne, bila kuruka na bila kucheza. Kipindi hicho mbwa hunyanyuliwa mara nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa hutolewa nje kukojoa mara nne au tano kwa siku, na kwa hiyo kila kosa la mkono hujirudia. Tulikubaliana kwamba ni watu wawili tu nyumbani wangemgusa, na mlinzi wetu, ambaye kwa miaka alikuwa akichunga ndama, ndiye aliyekuwa na mikono mizuri kuliko wote. Alimtoa kizimbani akiwa amempokea kifua na makalio, akamweka juu ya udongo badala ya saruji, kisha akapitisha kanga iliyokunjwa chini ya fumbatio, mbele kidogo ya mapaja, na kushika ncha zake mbili juu bila kuvuta, ili nyonga zikiyumba zipate pa kuegemea. Wiki ya kwanza kanga hiyo ilikaza kila hatua. Kufikia wiki ya tatu ilikuwa imelegea mikononi mwake, na hapo tukajua kwamba miguu ilikuwa inabeba uzito wake yenyewe.